Usimwambie Baba

KIFUNGO: Haloo? Ni nani? Simu inakwaruza.

BABA: Ni mimi.

KIFUNGO: Mimi nani?

BABA: Aliyekubandika jina la Kifungo siku ulipomeza kifungo cha koti la mteja wake.

KIFUNGO: Baba? Shikamoo. Nani amekufa?

BABA: Marahaba. Afe nani? Mtu hampigii mwanawe mpaka kuwe na msiba?

KIFUNGO: Wewe hupigi. Na nikipiga mimi unasema, "Ngoja nimpe mama yako."

BABA: Mama yako yuko sokoni, na cherehani nimeifunika. Za chuo? Kuchoma sindano umeshajua?

KIFUNGO: Chuo... chuo kipo. Hakijahama.

BABA: Hilo najua. Nakuuliza wewe.

KIFUNGO: Baba, sikusikii, mtandao —

BABA: Mimi nakusikia vizuri. Hata asubuhi nilikusikia. Mara tatu.

KIFUNGO: Asubuhi sikupiga.

BABA: Ulituma ujumbe wa sauti. "Mama, hii habari ya kuacha chuo usimwambie Baba, ataniua." Umekuja kwangu.

[mkwaruzo]

KIFUNGO: Mungu wangu.

BABA: Nilikuwa nampima mteja kiuno, nikaufungulia kwa sauti ya juu. Sasa mtaa mzima unajua fundi wao ni muuaji.

KIFUNGO: Baba, nisamehe, nilikuwa —

BABA: Ngoja. Sikupiga kugomba. Kilichonichoma ni hilo la mwisho. Nimewahi kukuchapa hata siku moja?

KIFUNGO: Hapana. Lakini ukikasirika unanyamaza. Nilipovunja kioo cha duka ulininunia wiki nzima. Bora ungenichapa yakaisha.

BABA: [kimya]

KIFUNGO: Unaona? Umeanza.

BABA: Sijanuna. Nafikiria.

KIFUNGO: Basi fikiria huku unasema.

BABA: Haya. Baba yangu naye alikuwa hivyo hivyo, nikamwogopa mpaka tukamzika. Sitaki yanikute na wewe. Niambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Sikukatizi.

KIFUNGO: Uuguzi nimeacha, huu mwezi wa pili. Nikiona damu nazimia. Mara ya mwisho nilimwangukia mgonjwa.

BABA: Ulimwangukia mgo —

KIFUNGO: Umesema hukatizi.

BABA: Endelea.

KIFUNGO: Niko karakana moja, najifunza kutengeneza friji. Nashinda na grisi mpaka viwikoni, na nina furaha, Baba. Niliogopa kukwambia. Kila siku unasema umekaa kwenye cherehani miaka ishirini ili mwanao asije akawa fundi.

BABA: [kimya kirefu]

KIFUNGO: Baba. Sema.

BABA: Nimeumia, sikufichi. Wateja wote nimewatangazia kwamba nina nesi. [anakohoa] Hizo friji, zinapona?

KIFUNGO: Wiki hii saba.

BABA: Saba. Mimi wiki hii nimeharibu suruali mbili.

KIFUNGO: Wewe? Fundi mzima?

BABA: Macho, mwanangu. Tangu mwaka jana uzi hauingii kwenye sindano. Ananitungia muuza magazeti wa hapo mlangoni. Mama yako hajui.

KIFUNGO: Mwaka mzima, Baba? Kwa nini hukusema?

BABA: Nilidhani mkijua mtaniona nimekwisha.

KIFUNGO: Nani kakwambia? Jumamosi nakuja, tunaenda wote kupima macho.

BABA: Njoo. Njoo na hiyo grisi yako hivyo hivyo. Salio linalia, linaisha. Na mama yako ndiyo huyo anaingia na kapu.

KIFUNGO: Mwambie.

BABA: Jumamosi, ukiwepo na wewe —

KIFUNGO: Sasa hivi, Baba. Mimi langu nimeshasema.

BABA: Aisee, mtoto wewe. [kwa mbali] Mama Kifungo, weka kapu chini, keti. Kuna jambo la macho yangu, nimekuficha tangu mwa —

[simu imekatika]