Zamu ya Vitundu vya Chini

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, mguu mmoja umeegeshwa kwa tofali, kati ya duka la kuchapisha na karakana ya baiskeli. Saa nne asubuhi Wino alitoka dukani kwake, vidole vyeusi hadi kucha, uso umemchanua. Siku tatu alikuwa ameshinda na printa iliyougua kichwa. Na siku tatu hizo hizo dada yake mdogo, anayeuza kahawa hapo benchini na kumuuguza mama yao nyumbani, alikuwa akimwambia, “Kaka, nina neno nawe.” Naye humjibu, “Ngoja kichwa kipone kwanza, mdogo wangu.” Haya, leo kichwa kimepona. Wino akakaa, akanyoosha mkono apewe kikombe, na lile neno la dada yake, maskini, hata halikumjia akilini.

— Jamani, nimeupata ugonjwa!

— Wa mama? — akadakia Breki, fundi baiskeli.

— Wa printa. Mama yuko vilevile.

Dada alimmiminia kahawa.

— Sikilizeni, — Wino akaanza. — Kichwa cha printa kina vitundu mia na themanini, vimepangwa safu kutoka juu hadi chini, kila kimoja chembamba kuliko unywele. Sasa lebo yangu ya mikate ni mstari mmoja tu. Mstari mmoja unatemwa na vitundu vya juu peke yake. Miaka mitatu! Vya juu vimechakaa, neno MKATE linatoka limekatwa utosi. Vya chini wala havijui kazi ni nini.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, samaki mkunje angali mbichi.

Huyo ni Waziri. Hajawahi kuwa waziri wa chochote. Alikuwa mlinzi wa benki mpaka akastaafu, tai hajaivua hadi leo. Bunduki hakuwahi kuifyatua kazini, basi anafyatua methali.

— Samaki anaingiaje hapo, Waziri?

— Anaingia kwa mkia. Endelea.

— Mimi naona ni kama spoku, — akasema Breki. — Za upande wa mnyororo ndizo hukatika kwanza, kwa sababu ndizo zinazobeba. Dawa ni moja: geuza kichwa juu chini!

— Ukikigeuza kitachapa tarehe ya jana, — akaonya Waziri, — mkate uchache kabla haujaokwa. Hapana. Ule ni mgomo. Vile vya juu vimekaa kikao, vina mwenyekiti na katibu. Vimeona wenzao wamelala tu, na wino wanakunywa uleule. Mimi ningekuwa kitundu ningegoma siku ya pili.

— Wewe ungekuwa kitundu ungeziba siku ya kwanza.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Dada naye alicheka, akatua birika chini, akapumua kidogo, akaliinua tena. Wino alimwona. Alimwona, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye vitundu.

— Hakuna mgomo, — akasema. — Kosa ni langu. Vilikuwa vinafanya kazi vizuri, ndiyo maana sikuvitazama.

Akawaeleza dawa aliyoigundua. Printa ni mbishi: ukiusogeza mstari chini, yenyewe inavuta karatasi na kuanza tena na vitundu vya juu. Basi yeye anaweka kinukta juu ya mstari. Printa inadhani kazi imeanzia pale kwenye nukta, na mstari wenyewe unaangukia vitundu vya chini. Nukta haionekani hata, maana kitundu chake kilishakufa zamani.

— Kila lebo mia, nukta naipandisha kidogo, wanapokea wengine. Zamu kwa zamu. Asichakae mmoja peke yake.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, — akasema Waziri.

Wakamtazama wote. Miaka yote hiyo, leo ndiyo mara ya kwanza methali yake kulenga.

Hapo akafika mama mmoja mwenye unga kwenye nyusi. Ndiye mwokaji, mwenye zile lebo. Kwa kawaida humtuma mumewe, leo kaja mwenyewe. Akaamkia, akapishwa, akamiminiwa. Kabla hajanywa, akautazama mkono uliommiminia.

— Huyu dada ni mashoto?

Breki akamtazama Waziri. Waziri akamtazama Breki. Wote wawili wakamgeukia Wino. Nani ajue kama si ndugu wa tumbo moja?

Wino alijua dada yake si mashoto. Makofi aliyomlamba utotoni yalitoka kulia, na yalikuwa makofi kweli. Lakini birika lilikuwa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kwenye kiganja, na kitambaa kilishafuliwa mpaka kikapauka.

— Tangu lini? — akauliza mwokaji.

Kila siku wanakunywa vikombe vitatu vitatu kutoka mkono ule, na hakuna aliyejua.

— Tangu mwezi uliopita, — dada akajibu mwenyewe, taratibu. — Nikimgeuza mama kitandani mkono unauma. Nikahamia huku. Na huku nako kumeanza. Ndilo neno lenyewe, kaka. Si kubwa.

Wino aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Akasimama, akampokonya birika.

— Kaa.

— Na wateja je?

— Kaa, mdogo wangu. Nisamehe.

Breki akasogea, Waziri akasogea na tai yake. Dada akakaa. Benchi lile lina miaka, na hakuna aliyewahi kumwona amelikalia. Wino akainamisha birika: ikatoka nusu kikombe, na machicha. Kahawa imekwisha. Hiyo nusu akampa.

— Jioni hii namgeuza mama mimi. Na kesho pia.

— Utamwangusha wewe.

— Basi nifundishe.

Dada alikishika kikombe kwa mikono miwili.

— Unaanza na bega. Usianze na miguu, hapendi.

Waziri akafungua mdomo. Breki akamkanyaga mguu.

— Bega kwanza, — Wino akarudia. — Halafu?