Historia ya Marehemu Urushibara Teizo, Sauti ya Kobe Mkuu wa Stesheni

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa hapa Nerima, na nyie wenzake wa kazini mliojibanza kule nyuma, haya nitakayosoma sikusimuliwa na mtu, nimeyaona kwa macho yangu haya mawili, maana mimi Isogai Tokuji ni shemeji wa marehemu, mdogo wake Dada Fusae, na kwenye nyumba ile nimekaa muda mrefu kuliko hata kabati la viatu.

Marehemu Urushibara Teizo alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 kule Choshi, mtoto wa tatu wa mfanyakazi wa kiwanda cha mchuzi wa soya, na alipolia mara ya kwanza meli mbili zilidhani ni honi ya bandari zikageuza, hilo peke yake sikuliona, ila mama yake aliniapia. Alisoma shule ya msingi na ya kati palepale Choshi, akamaliza Machi 1953, hesabu zilimshinda kabisa, lakini akiambiwa asome kitabu kwa sauti, darasa la jirani lilinyamaza nalo lisikie.

Mwaka 1957 alikwenda Kyoto akaanza kazi kwenye sinema za samurai, na kazi yenyewe ilikuwa kukatwa panga, nami Februari 1964 nilimwona akikatwa, akaangukia mtoni kinyumenyume, akapasua barafu kwa kisogo, akaibuka anauliza, "Imetoka vizuri, au nife tena?" Kwa hesabu yangu alikufa mara elfu nne, na hii ya Alhamisi ndiyo ya kwanza ambayo hakuinuka kujipangusa.

Tarehe 3 Novemba 1965 alimwoa dada yangu, wakajaliwa Chizuru mwaka 1967 na Morio mwaka 1970, kisha sinema za mapanga zikaanza kukauka, na mwaka 1972 wakahamia Tokyo, marehemu akaingia kazi ya kuigiza kwa sauti, mpaka Aprili 1984 alipopewa yule kobe mkuu wa stesheni wa katuni ya Jumapili jioni. Uso wake hakuna aliyeujua, lakini akisema tu sokoni, "Mama, nipe figili mbili," watoto wa soko zima waligeuka kumtafuta kobe.

Mwaka 1996 alimchukua mwanafunzi, Hirabuki Shun, akamfundisha kugeuza karatasi bila kuliza hata ukingo, kuvaa nguo za pamba zisizochakacha, na kula tonge la wali kabla ya kurekodi, kwa sababu tumbo likinguruma mbele ya kinasa sauti watu wote chumbani wanarudia upya. "Tumbo lako lina maneno mengi kuliko wewe," alikuwa akimtania. Huyo Hirabuki ndiye yule aliyesimama nje na mwavuli, karibu na meza ya kuandikisha majina, ambaye dada amesema hataingia kuwasha ubani, na kwa kuwa wote mnamchungulia, acha niseme sababu.

Septemba 2014 marehemu alipata kiharusi kidogo, ulimi ukawa mzito, watu wa katuni wakasema watamsubiri. Sasa nyie wa kazi hii mnajua, anayerithi sauti ya mkubwa aliye hai huja kwanza nyumbani kwake na boksi la vitamutamu, anapiga magoti, anaomba, na mkubwa kwa mdomo wake mwenyewe anamwambia chukua. Jumapili tarehe 11 Januari 2015 tulikuwa mezani, kobe akafungua mdomo kwenye televisheni, ikatoka sauti ya mtu mwingine. Marehemu aliweka vijiti vyake vya kulia chini.

"Ni Shun," akasema. "Ile pumzi kabla ya neno nilimfundisha mimi. Tokuji, wewe ndiye unayeshinda nyumbani. Alikuja?"

"Hakuja, shemeji. Hata kivuli chake sijakiona."

"Basi," akasema, akapunguza sauti ya televisheni mpaka mwisho.

Tangu siku hiyo, karibu miaka tisa, kila Jumapili aliitazama katuni ikiwa bubu, akamsemea kobe mwenyewe pale sebuleni, neno kwa neno, kwa ulimi ule mzito, na hakuna aliyekuwa akirekodi. Hirabuki alikuja mara tatu, na mara zote dada alimkuta mlangoni.

"Leo ndiyo umeijua njia?"

"Mama, mbona nilikuja kabla? Muulize kaka Tokuji."

"Nimeshamuuliza. Usimsingizie ndugu yangu."

Oktoba mwaka huu wa 2023 marehemu alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa, na Alhamisi tarehe 16 Novemba, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akafariki akiwa na miaka 85.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi waliomwachia televisheni bubu kila Jumapili, majirani waliovumilia kobe kupitia ukutani, na wenzake wa kazini.

Dada, hapa karatasi imeisha, ila mimi sijaisha. Nimewaambia Hirabuki hakuja, na hilo nililitunga. Alikuja Jumanne tarehe 6 Januari, na boksi la keki za maharage, marehemu amelala ndani, mimi nikatoka mlangoni nikajifanya msemaji wake, nikamwambia, "Mzee ameshakubali, nenda kafanye kazi, usimwamshe." Nilitaka nionekane mkubwa. Keki nilikula zote kumi na mbili, nikajisemea nitamwambia kesho, na Jumapili ikanikuta sijasema. Alipoweka vile vijiti chini nikaogopa, nikaendelea kuogopa mpaka leo. Aliyemsaliti alikuwa anakula naye meza moja.

Shemeji, sikuombi unisamehe, maana huwezi kujibu, na mimi sina tena mtu wa kumtania. Dada, jeneza halijafungwa, na maua bado yapo kwenye sinia. Niache mimi nje na mwavuli, mwite Shun aingie amwekee ua. Lala, Teizo, kijana wako alipiga hodi.