Mjusi wa Tumboni na Sahani ya Shangazi Mapendo

Ndugu zangu, asifiwe Bwana anayejua hata kilichomo tumboni mwa mtu! Mimi ni Byamungu, fundi wa kuchomelea milango ya chuma pale Kasenga, na kabla sijamshukuru Mungu ni lazima niwaambie upuuzi niliouamini kwa moyo wangu wote. Niliamini kwamba karuho, ile sumu ya polepole ambayo kila mtu wa Uvira anaijua na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona, ni yai la mjusi. Eti mwanamke analificha chini ya ukucha wa kidole gumba, analidondosha ndani ya mchuzi, unalimeza, linaanguliwa, na mjusi anakaa tumboni mwako akitema moto kila unapokula. Na eti aliyekutilia utamtambua kwa alama moja: anaonja chakula kabla ya kukupa, kwa kuwa yeye amekwisha kumeza dawa ya kumkinga.

Cheka tu, ndugu yangu. Ila mimi sikucheka. Nilisikia hayo kwenye kibanda changu cha kazi, kwa watu wazima wenye ndevu, nikaitikia kwa kichwa. Mimi! Mtu niliyesoma shule ya jioni nikiwa na mke na watoto wanne, nikakaa benchi moja na vijana waliokuwa wananiita babu, nikapata diplome yangu kwa kelele ambazo nadhani zilivuka ziwa zikasikika Bujumbura! Na diplome hiyo yote haikunisaidia kumuuliza yule mzee swali dogo: je, mjusi anapumua vipi ndani ya ugali?

Maisha yangu yalikuwa hivi. Tumbo lilikuwa linawaka. Nikila maharage, moto. Nikila nyama, moto wa kuweza kuyeyusha chuma bila umeme. Hata nikisikia harufu tu ya samaki wa kukaanga wa jirani, tumbo linaamka. Nikajisemea, huyu si ndiye mjusi mwenyewe? Anasikia chakula, anaamka! Ushahidi gani zaidi?

Nikaenda kwa mtapishaji mmoja. Akachukua kuku wangu, akaninywesha maji ya majani machungu, nikatapika, ndugu zangu, nikatapika mpaka nikadhani nitatoa na jina langu la ubatizo. Akachokoa ndani ya beseni kwa kijiti, akainua kitu cheusi: "Ona mukia wake!" Lilikuwa ganda la haragwe! Nalijua sasa. Haragwe nililokula asubuhi ile ile! Lakini wakati ule nilimshukuru, nikarudi nyumbani nikimwambia mke wangu kwamba mkia umetoka, kumebaki kiwiliwili.

Kisha nikaingia katika chumba kimoja cha maombi, siwataji. Mwonaji wao akafumba macho akasema, "Namuona mama wa familia yako. Anakupa chakula. Anaonja." Basi. Hakutaja jina, wala hakuhitaji. Nilimjua papo hapo.

Ndugu zangu, hapa ndipo hasira yangu inapoanza, mnivumilie. Wazazi wangu walikufa ningali mtoto. Aliyenilea ni Shangazi Mapendo, dada ya baba yangu, aliyeolewa Kiringye. Alinilea kwa mpunga wake, jembe lake na mgongo wake. Mume wake alipokufa alibaki pale pale kwenye shamba, kwa wakwe zake. Na tangu nipate akili, hajawahi kunipa sahani bila kuchukua kidogo kwa ncha ya vidole na kuonja kwanza.

Tena mnajua desturi yetu! Huku kwetu ukimpa mtu kinywaji unakunywa funda moja mbele yake, aone ni salama. Sasa niambieni: mama asipoonja ni muuaji, akionja ni muuaji. Mama wa watu aokokee wapi? Nani alituloga akili zetu hivyo?

Siku ya ubatizo wa mjukuu wake tulikuwa wengi uani kwake Kiringye. Akaniletea ugali wa muhogo, ndagala, wale dagaa wa ziwani, na mchicha tunaouita lengalenga. Akaonja kama kawaida. Nikasimama.

"Shangazi, kwa nini unaonja?"

Akashangaa. "Kuonja nini, mutoto wangu?"

"Unaonja nini mule? Kula weye yote. Hapa, mbele ya watu."

Shangazi alinitazama, akaketi chini, akavuta ile sahani, akala. Tonge kwa tonge, mpaka ndagala wa mwisho, machozi yanashuka na mkono unakwenda kinywani. Alipomaliza akaifuta sahani kwa kidole, akanionyesha. Na mkwe wake mmoja akasema kwa sauti ya kusikika: "Si munaona? Amekwisha kumeza dawa."

Na mimi nikaitikia kwa kichwa! Ah!

Neno langu likamfanyia kazi mbaya. Majirani wakaacha kunywa maji kwake. Watoto wakakatazwa kupita uani. Wakwe zake, ambao kwa muda mrefu walikuwa wanalitazama lile shamba la mpunga kwa jicho la njaa, wakapata sababu: mpunga ukishavunwa, aondoke, arudi kwa ndugu zake juu Rurambo. Ndugu gani? Baba yangu ni marehemu! Ndugu yake aliyebaki ni mimi!

Mungu akanikamata wiki chache baadaye. Nilikuwa nachomelea dirisha, nikaona dirisha ni mawili, kisha manne, kisha nikaanguka. Nikatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Safari hii haikuwa haragwe, ilikuwa damu yangu. Mke wangu, Mama Amani, akapiga simu kwa mtu mmoja tu. Na mwanamke niliyemdhalilisha akapanda pikipiki kutoka Kiringye, akanikuta, akaniweka katikati yake na dereva, akanishika kiunoni mpaka hospitali kama mtu anayebeba gunia la mpunga wake mwenyewe. Sikuwa na nguvu ya kumkatalia. Asante, Yesu, kwa kuninyima nguvu!

Nililazwa. Nikawekewa maji ya mshipa, na damu. Waliponiruhusu kula, Mama Amani akawa ananiletea uji wa mchele mlaini kila asubuhi. Nikaumaliza wote. Nikamsifu: "Mama Amani, leo umepika!" Akachukua bakuli, akatoka nalo.

Walikuwa wamechukua vipimo. Muuguzi wa wodi, Mama Furaha, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha jeshi, akaja na karatasi mkononi. Nikamwambia upesi, ili nimsaidie kazi: "Mama, minye nimetiliwa karuho. Iko mjusi."

Akaweka mikono kiunoni. "Mujusi? Na umesoma, wanasema."

"Nina diplome."

"Basi diplome isikilize. Ulikulia kwa mashamba ya mupunga, si ndiyo? Unajua namna maji inafunguliwa kwa mufereji."

Nikamwambia ninajua kuliko mtu yeyote katika bonde lote la Ruzizi. Akavuta kiti.

"Ukikula, tumbo lako linatoa homoni moja, inaitwa gastrini. Hata harufu ya chakula inaweza kuianzisha. Gastrini inapita mu damu kama mutu mwenye kubeba barua. Inafika kwa seli moja ndogo, inaiambia: chakula imefika. Ile seli inatoa histamini. Histamini ndiyo inaenda kubisha kwa seli yenye pompi, na pompi inamwaga asidi ya kusaga chakula. Umenifuata?"

"Nimekufuata. Histamini naijua! Tuliisoma. Ndiyo inaletaka kuwasha na mafua. Basi munipe vidonge vya kuwasha, nirudi nyumbani!"

Wodi nzima ikacheka. Mgonjwa wa kitanda cha pili alishika mshono wake.

"Vile vidonge vitakulalisha tu," akasema. "Histamini ni ile ile, lakini mulango si moja. Vidonge vya kuwasha vinafunga mulango wa pua na ngozi. Mulango wa tumbo ni ingine, na iko dawa yake. Sasa ngoja. Asidi ikitosha, kuna homoni ya tatu, somatostatini. Kazi yake ni kusema: basi, funga maji. Weye, iko kidudu kidogo sana mu tumbo lako, bakteria. Kimechubua ukuta, na kimemunyamazisha yule wa kusema basi. Gastrini inabeba barua tu, histamini inabisha tu, maji inapita juu ya tuta. Ndiyo ule moto. Ndiyo kile kidonda. Ndiyo ile damu."

Ndugu zangu, nilikaa kitako juu ya kitanda. Kumbe mwenye kuamka nikisikia harufu ya samaki ni homoni yangu mwenyewe, inafanya kazi iliyopewa na Muumba! Nikauliza kwa sauti ndogo: "Na hicho kidudu nani alikiweka?"

"Hakuna. Watu wengi wanacho tangu utoto, na wengi hawaumwi hata siku moja. Minye pia nilipimwa nacho. Dawa utakunywa, zote, usiache katikati ukisikia nafuu." Akasimama, akageukia mlango. "Na yule mama anayepikaka uji kule nje kwa jiko, mwambieni aingie ndani. Kila siku anakaa kwa baridi, anasema weye hutaki kumuona."

Uji! Ule uji wote! Mama Amani akatazama sakafu. Nilikuwa nimepona kwa mikono ya mwanamke niliyemwita muuaji, nikilamba bakuli!

Aliingia. Sikumbuki nilichosema. Mama Amani anadai nililia mpaka muuguzi akaniongezea chupa ya maji, lakini yeye naye anapenda kukuza mambo.

Nilipotoka hospitali sikwenda Kasenga. Nilikwenda Kiringye, mpunga ukiwa unakaribia kuvunwa, nikawaita wale wakwe na majirani katika ua ule ule. Nikainua karatasi ya vipimo. Nikawahubiri gastrini! Nikawahubiri histamini! Nikawaonyesha mfereji wao wenyewe kwa kidole! Mkwe mmoja akanung'unika kwamba hizo ni maneno za vitabu. Nikamwambia: "Minye ndiye niliyesema ni sumu, mukaniamini bila karatasi. Sasa nasema nilisema uongo, na karatasi iko. Mutakataaje?" Yule mkubwa wao akasema mama abaki kwa shamba lake. Jirani mmoja mwanamke akasimama, akaenda kwenye mtungi wa Shangazi, akachota maji, akanywa mbele ya wote. Bwana apewe sifa!

Na bado nina hasira. Nimewasamehe, nimeagizwa kusamehe, lakini nina hasira na ganda la haragwe, na macho yanayofumbwa ili kuona majina ya mama zetu, na kichwa changu kilichokuwa kinaitikia tu. Ni mama wangapi wamefukuzwa katika nyumba zao kwa sababu ya asidi ya tumbo la mtu mwingine? Wewe unayesoma hapa ukishika kifua kinachowaka: mtumaini Mungu, na kwa imani hiyo hiyo nenda ukapimwe. Yeye ndiye aliyeweka ile homoni ya kusema basi. Na kabla hujataja jina la mtu, kumbuka sahani ile.

Maana siku ile, watu walipotawanyika, Shangazi aliniletea sahani nyingine. Ugali, ndagala, lengalenga. Akachukua kidogo kwa ncha ya vidole, akaonja, akanisogezea. Nikamuuliza tena swali lile lile, safari hii nimepiga magoti: "Shangazi, kwa nini unaonjaka?"

"Ulipokuwa mudogo uliungua ulimi na uji," akasema. "Naangalia kama chakula imepoa."