Nzigire na Vifuko vya Mierezi

Wasikilizaji wapendwa wa Louisville, Columbus na Buffalo huku Marekani, leo tunamkumbuka Nzigire, mama wa Reynoldsburg, hapo kando ya Columbus, aliyetutoka Jumanne. Nzigire aliipigania mierezi. Narudia: mierezi, ile safu ya miti inayouzunguka ua wa kanisa la Wakongo wa huko.

Nyuma ya miti hiyo ndipo wanapokaa matanga. Wanapika nje, wanaimba, wanalia kwa sauti, na jirani haoni kitu. Nzigire alijua thamani ya kujisitiri. Alipomzika mumewe kule Louisville, majirani waliuona moshi wa sufuria wakaita polisi.

Kiangazi kilichopita aliona mierezi inakauka kuanzia kileleni. Vifuko vya kahawia vilining'inia matawini. Polycarpe, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, akacheka.

"Maman Nzigire, hiyo ni matunda yake. Unaogopa matunda?"

"Matunda inatembeaka, papa Polycarpe?"

Nzigire akakipasua kifuko kimoja kwa mkasi. Kiwavi akatoka, mnene, mweusi. Kamati ikakubali: ni wadudu. Na dawa? Majivu! Kwao Kivu, mashariki mwa Kongo, majivu ya jikoni hunyunyizwa kwenye maharage, wadudu wakakimbia. Wakayamwaga ndoo kwa ndoo. Viwavi, wamejifunga ndani ya vifuko, hawakujua hata kama kuna vita.

"Wako ndani ya nyumba, mlango imefungwa," Nzigire alifoka. "Donc munamwangia majivu juu ya bati!"

Baridi ilipoingia aliwasihi wachume vifuko kwa mkono na kuvichoma moto, maana mayai hulala humo hadi mwishoni mwa Mei. Wakasema wanachoka kazini. Kana kwamba yeye, aliyekesha kazini kwake akiwageuza wagonjwa vitandani, hakuchoka! Akachuma peke yake. Vifuko vile vimefungwa kwa uzi mgumu; vidole vilimpasuka. Moyo wake ulisimama kabla hajafika nusu ya safu.

Binti yake, Chimène, anaishi Buffalo. Alituambia: "Maman alikuwa ananipigia simu kila Jumapili. Hakuniuliza niko namna gani. Ni ile miti tu, ile miti tu."

Jana waombolezaji walikaa kwenye ua uleule. Upande mmoja umebaki vijiti vitupu. Magari yalipunguza mwendo, watu wakachungulia msiba kama sinema. Ndipo Polycarpe akaja na ndoo ya majivu.

"Bon, ni kwa heshima ya marehemu."

Chimène akamnyang'anya. "Papa Polycarpe, kama ni heshima, leta ngazi tuchume."

Ngazi haikuletwa. Watu waliinama kwenye sahani zao.

Chimène na jamaa wote, poleni sana. Mungu amlaze mama pema. Nanyi mliobaki Reynoldsburg, tafakarini. Mtu aliwaonyesha ugonjwa, akawaonyesha na tiba, mkamwacha na vidole vinavyotoka damu. Sasa ni mwishoni mwa Aprili na vifuko bado vinaning'inia. Mayai yataanguliwa kabla ya arobaini yake.