Msusi Aliyetoka Kucheza

Asubuhi ile ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu walikaa wanawake wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa msusi, kijana bado, amevua viatu na miguu imemvimba. Mwenzake, mama wa makamo aliyevaa aproni ya wapishi wa shule, akamwuliza, "Pole mwanangu, umeanguka?"

"Nimecheza, mama."

Akaeleza kwamba tangu amzike mumewe alikuwa hatoki. Jumamosi mashoga zake wakamvamia jikoni, wakapika, wakaunguza wali, wakaula hivyo hivyo. Jumapili usiku wakamburuta mpaka kwenye muziki. "Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma. Leo nimeamka, nikaona shati la marehemu mlangoni, nikajiona msaliti."

"Ni mapema," mama akasema. "Watu watakusema."

"Wameshasema. Lakini kucheza kwenyewe alinifundisha yeye."

Mama akageukia dirishani. Kituo changu kilikuwa kimeshapita, lakini nani angeshuka hapo?

"Wangu alikuwa hajui kucheza," mama akasema taratibu. "Kazi yake kunikanyaga tu. Alivyokufa, viatu vyangu vya kuchezea nikavigawa."

Msusi akamshika mkono. "Jumamosi tunakutana tena kwangu. Njoo."

"Mimi? Na uzee huu? Hapana, mwanangu. Na wewe nimekwambia, tulia kwanza."

"Siwezi tena, mama."

Basi likasimama mbele ya shule. Mama akashuka huku bado anabisha, akapiga hatua, kisha akarudisha kichwa mlangoni.

"Kwako ni nyumba ipi?"