Bi Mswaki na Ujumbe wa Kambi ya Meno

Historia hii ilitakiwa iandikwe na wasomi wa familia, lakini kila mmoja kajifanya analia mno hawezi kushika kalamu, ikasukumiwa bibi wa marehemu, aliyeishia darasa la tatu na mwalimu wake hakumlilia, basi kwa kuwa wamemtaka yeye, watasikiliza alichoandika yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, katika chumba cha nyuma ya karakana ya seremala, mtoto wa pekee wa binti wa bibi, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara, akamaliza sekondari mwaka 2003, na mwaka 2006 akahitimu kuwa msaidizi wa daktari wa meno, akaajiriwa zahanati ya mtaa, ambako aliwashika mikono watu wazima waliolia kuliko watoto wao. Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 2008 na fundi wa friji, mtu mpole, wakajaliwa binti na mvulana.

Kambi za meno za bure zilipoanza mwaka 2012, ni yeye aliyewaita watu kwa simu yake, akiomba namba za kina mama mmoja mmoja pale zahanati, akiwaandikia siku, mahali na saa, na kumalizia, "Piga mswaki kabla hujaja, daktari naye ana pua," ndipo akaitwa Bi Mswaki, na neno lake likaaminiwa kuliko kipaza sauti.

Mratibu wa kambi hizo alikuwa mjomba wake, mtoto wa kumzaa wa bibi huyu huyu, kikulacho ki nguoni mwako. Kambi ya tarehe 8 Juni 2019 ilipokaribia, mjomba alijua dawa ya ganzi haijaletwa, marehemu akataka kuwatumia watu ujumbe wasije, naye akamwambia, "Mwanangu, waache waje, mgeni rasmi hawezi kupigwa picha na viti vitupu." Watu wakaja na mashavu yamevimba, wakapigwa picha, wakapewa mswaki mmoja mmoja, wakarudi na maumivu yao, na kwenye kikao cha mtaa mjomba akasema Bi Mswaki ndiye aliyekosea tarehe. Marehemu alinyamaza kwa heshima ya mjomba, heshima ambayo bibi hakumfundisha, akaondolewa kwenye kambi, na simu yake ikajaa matusi.

Saratani ya titi iligunduliwa Agosti 2022, akafariki alfajiri ya tarehe 3 Februari 2024, na muda wote huo aliomba jambo moja, mjomba awaambie watu ukweli, naye kila alipokuja kumwona aliahidi wiki ijayo, akala, akaaga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa zahanati, majirani waliomfulia, na wale waliomtukana halafu wakaleta maturubai, tumewaona, asanteni kwa maturubai.

Jana bibi alimwambia mwanawe hatagusa udongo wa kaburi hili kabla hajasema ukweli, na leo asubuhi, kwa simu ya marehemu, mjomba ametuma ujumbe kwa kila namba iliyomo, ukieleza ganzi, picha na uongo wa kikaoni, na chini yake jina lake na namba yake mwenyewe. Uratibu ameshavuliwa, na simu yake amekatazwa na mama yake kuizima, ikiita wakati jeneza linateremshwa atasogea pembeni aijibu, matusi yote ayasikilize mpaka mwisho.

Pumzika kwa amani, Bi Mswaki, wanaopiga sasa hawakutafuti wewe.