Daftari la Maswali la Mwalimu Dorotea

Ndugu waombolezaji, aliyelala mbele yenu ni Mwalimu Dorotea Wanzagi, aliyezaliwa hapa Butiama tarehe 14 Machi 1951, akasoma shule ya msingi hapahapa, akahitimu ualimu mwaka 1971, akafundisha Mugeta, kisha Manyamanyama kule Bunda, hadi alipostaafu mwaka 2011.

Tarehe 6 Juni 1975 alifunga ndoa na marehemu Bernado Mniko, wakajaliwa watoto watatu, Rhobi, Jastin na Gabriel, naye Gabriel akafa kwa surua mwaka 1984 akiwa na miaka minne, na siku ya mazishi Rhobi alipouliza Mungu amemchukulia nini mdogo wake, mzee wa kanisa alimzaba kibao, mama akanyamaza. Kunyamaza kule hakujisamehe.

Mwaka uliofuata aliomba kufundisha watoto wa Jumapili, akaanza kwa kuitupa fimbo nje, akawakalisha mkekani kwa duara, akawaambia waulize lolote, kila swali akaliandika kwenye daftari na jina la mtoto, na asilolijua alisema wazi kwamba hajui. Watoto walikuwa wanaacha uji nyumbani ili wawahi.

Tarehe 9 Agosti 2009, mbele ya wageni wa kanisa, Dorah, binti wa miaka saba, alimuuliza Mzee Mashimba, mzee wa kanisa aliyekuwa akiwachapa watoto wakati wa ibada, "Mungu anatupenda, mbona wewe unatuchapaga?" Jumapili iliyofuata Mwalimu alivuliwa huduma mpaka aombe radhi hadharani, akagoma, akakaa benchi la nyuma miaka yote iliyobaki, akiisikia fimbo imerudi kazini hata kwenye darasa lake la zamani. Inauma, jamani, na hatutajifanya haiumi.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023, akatibiwa Bunda na Musoma, wazee wa kanisa wasikanyage kwake hata siku moja, akafariki Musoma tarehe 2 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na Dorah, ambaye leo ni muuguzi.

Jana wazee walituletea karatasi, wakataka tusome kwamba kanisa lilimthamini, na mwaka 2009 turuke. Tumewarudishia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Manyamanyama waliomchotea maji miaka miwili bila kuombwa, na walimu wenzake.

Daftari lina maswali mia sita na matatu, yote ya watoto isipokuwa la mwisho, aliloliandika mwenyewe, "Niliwakosea nini?" Wenye jibu wamekaa viti vya mbele. Pumzika, Mwalimu, na amani uliyonyimwa huku uikute huko.